Ekseli ya Land Cruiser: Kufufua ya Kwako au Kununua ya Mtumba

Inama nyuma ya gurudumu la mbele la Land Cruiser Hardtop ya miaka ya tisini. Utaona tufe la chuma lenye ukubwa wa boga dogo. Likiwa zima huwa na utando mwembamba wa grisi uliokamata vumbi, basi. Likianza kuumwa, hutoa uji mweusi unaochuruzika hadi ndani ya rimu, na gurudumu zima hunuka oili ya difu. Mwenye gari akishauona uji huo, ushauri humjia kutoka kila upande. Fundi wa mtaani atamwambia abadilishe sili tu. Gereji itamwambia alilete gari na malipo ya awali. Muuza spea atamwambia kuna ekseli nzima imeshuka juzi kwenye kontena, ifungwe leo jioni, kesho safari.

Gari langu ni HZJ75 yenye injini ya 1HZ, katika ile familia ya 70 ambayo Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1984. Linaishi Arusha na riziki yake ni barabara za vumbi: Mto wa Mbu hadi Engaruka, Ngorongoro hadi Serengeti, Longido kuelekea Natron. Ekseli yake ya mbele nimeifungua mara mbili uani kwangu, na kabla ya hapo niliwahi kulipia gereji ifanye kazi hiyohiyo. Kuna jambo moja ambalo ningependa mwenye gari alishike kabla hajatoa shilingi: seti ya sili na beringi utainunua kwa vyovyote vile. Ukifufua ekseli yako utainunua. Ukileta ekseli ya mtumba utainunua pia, maana huwezi kuifunga kwa kuiamini tu. Swali linaloamua pesa zako ziende wapi ni kama chuma chenyewe, yaani nyumba ya ekseli, bado kimenyooka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu ukiujua, nusu ya maamuzi imekwisha. Ndani ya lile tufe kuna sivi jointi, ile inayoliwezesha gurudumu kukata kona huku likisukumwa na injini. Imezungukwa na grisi nzito nyeusi yenye molibdeni. Upande wa ndani, katika bomba la ekseli, kuna oili ya difu, ambayo ni nyepesi. Kinachozitenganisha ni sili moja tu, iliyokaa kwenye shafti mdomoni mwa bomba. Sili hiyo ikichoka, oili huingia kwenye tufe na kuilainisha grisi hadi iwe uji. Sili ya nje, ile ya mpira na kitambaa inayofuta tufe, haikutengenezwa kuzuia uji, kwa hiyo huuachia. Hapo sivi hupungukiwa grisi, difu hupungukiwa oili, na beringi za kifundo, mbili kila upande, huoshwa grisi yake.

Beringi hizo za kifundo, ambacho mafundi wengi hukiita nako, zina maisha magumu kuliko nyingine zote garini. Beringi ya habu inazunguka, kwa hiyo uchakavu wake unagawanyika. Ya kifundo haizunguki. Inageuka kidogo unapokata kona, na muda mwingine wote inapigwa mahali palepale. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, inapigwa maelfu ya mara kwa saa, hadi vijiti vyake vichimbe vishimo kwenye kikombe. Dalili yake utaipata ukiinua magurudumu ya mbele, ukiachanisha mikono ya usukani na kugeuza kifundo kwa mkono: kikifika katikati kinatumbukia, kama mlango uliopata komeo. Dereva huihisi dalili hiyo barabarani kwa usukani unaotaka kukaa katikati na kugoma kurudi taratibu.

Kwa sababu hiyo ushauri wa "badilisha sili tu" siukubali. Njia ya kawaida ya kuifikia sili ya ndani ni kuondoa gurudumu, kaliperi, habu, spindeli, shafti na kifundo chenyewe. Ukishafika pale, beringi ziko mkononi mwako. Kuzirudisha za zamani ili kuokoa bei ya beringi nne ni kukubali kulipia ufundi uleule mara mbili. Ninaweza kuukubali ushauri huo kwa gari moja tu: lile ambalo beringi zake zilibadilishwa karibuni na sili ikaharibika kwa kufungwa vibaya.

Sasa hesabu. Bei za spea za Japani hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo nitakazotaja ni za mfano tu, za kukuonyesha njia ya kupiga hesabu. Weka wewe zile ulizopewa dukani wiki hii. Tuseme seti ya sili, gasketi na shimu kwa pande zote mbili ni shilingi 350,000. Beringi nne za kifundo, 200,000. Beringi nne za habu, 240,000. Oili ya difu karibu lita 3, grisi ya molibdeni, dizeli ya kuoshea na matambara, 120,000. Hapo una 910,000. Gereji ikitoza ufundi 300,000, umefika 1,210,000.

Nyumbani ufundi ni wako, lakini zana je? Nati ya habu ya gari hili inataka boksi ya milimita 54, ambayo jirani yako hana. Unahitaji stendi mbili imara, maana hakuna mtu mwenye akili anayelala chini ya Land Cruiser iliyoshikwa na jeki peke yake. Unahitaji koleo la kufungulia klipu, fimbo na nyundo ya shaba, na toki spana. Tuseme zote 300,000. Jumla imerudi palepale, 1,210,000.

Kwa hiyo anayefungua ekseli nyumbani kwa mara ya kwanza huenda asiokoe kitu, na ni vizuri alijue hilo mapema asije akajilaumu. Faida yake inakuja mara ya pili, au pale anapofungua na ya rafiki yake, kwa sababu zana zimebaki. Halafu kuna siku. Fundi aliyezoea humaliza pande zote mbili kwa siku moja. Mimi mara ya kwanza nilitumia siku tatu, ya pili siku moja na nusu. Kama gari lako linaingiza, tuseme, 150,000 kwa siku, siku mbili za ziada uani zimekula ufundi wote wa gereji. Mwenye gari la kazi ampelekee fundi, asimame pale, na aondoke na spea zake za zamani ndani ya mfuko. Mwenye gari la familia, linaloweza kulala kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, huyo ndiye ambaye kazi ya uani inamfaa.

Ninasisitiza kusimama pale kwa sababu yaliyonipata. Gereji niliyoilipa iliniambia beringi zote zimebadilishwa na ikanitoza bei ya beringi zote. Miezi minne baadaye uji ukarudi. Nilipofungua mwenyewe nilikuta sili mpya, na beringi za kifundo zilezile za zamani zimepakwa grisi mpya, vikombe vyake vina vishimo. Shimu zilikuwa zimewekwa juu zote, chini hakuna. Shimu hizo ni vibati vyembamba vinavyokiweka kifundo katikati ya tufe. Za juu na za chini hazichanganywi, na za kulia hazihamishiwi kushoto. Zikikosewa, sili ya ndani inakandamizwa upande mmoja na shafti, nayo haidumu. Tangu siku hiyo, kila upande ninaoufungua ninauwekea sahani yake, na shimu za juu nazifunga kwa waya mwekundu.

Kuna mambo mengine machache ambayo pesa yako inategemea, na hayamo kwenye boksi la spea. Sili ya ndani igongwe polepole ikae sawasawa mahali pake, isizamishwe kupita kiasi. Tufe lenye kutu lisuguliwe kwa msasa laini hadi ukucha upite juu yake bila kukwama, la sivyo litaikata sili mpya kama kisu. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja lina kutu hiyo karibu daima. Kaliperi ifungwe kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye mpira wa breki. Na nati ya habu haikazwi kwa kukisia: unakaza, unazungusha habu, unalegeza, unakaza tena, kisha unapima uzito wa kuanza kuzunguka kwa mizani ya kuvuta. Mizani hiyo ya kuning'iniza ndiyo ileile ya wachuuzi wa samaki, na kitabu cha gereji cha modeli yako kinataja kilo zinazotakiwa. Beringi iliyokazwa mno huungua. Iliyolegea hutetemesha usukani na kuila tairi upande mmoja.

Kabla hujanunua sivi mpya, jua hili, maana ndilo linalookoa pesa nyingi kuliko mengine yote katika kazi hii. Sivi ikilia "ka-ka-ka" unapokata kona ukiwa umeingiza fowili, wengi hukimbilia dukani. Lakini gololi zake zimechimba upande mmoja tu wa njia zake, ule unaobeba nguvu gari linapokwenda mbele. Sivi ya kulia na ya kushoto za ekseli hii ni sawa. Kinachotofautiana ni urefu wa shafti za ndani. Ukizitoa kwenye shafti ukazibadilisha pande, gololi zinaanza kubeba nguvu kwenye uso ambao haujaliwa, na kelele mara nyingi huisha kwa miaka. Hakuna duka litakalokuambia hilo. Ila zikague kwanza kwa mwanga mzuri: kizimba cha gololi kikiwa na ufa, au kikombe kimemeguka, hiyo ni ya kutupwa.

Tuje kwa ekseli ya mtumba. Zipo, na nyingine ni nzuri sana. Zinafika kutoka Japani na kutoka Ghuba, hasa Sharjah na Dubai, na utazikuta Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ukiwa Nairobi, barabara ya Kirinyaga ambayo wenyeji bado wanaiita Grogan. Tuseme ya mbele nzima, kutoka habu hadi habu, ni 2,500,000, na kuileta Arusha 150,000. Ongeza zile 910,000 za seti, beringi na mafuta, kwa sababu sili zake zimekaukia kwenye kontena na historia yake huijui. Umefika 3,560,000, karibu mara tatu ya gharama ya kufufua ya kwako. Ndiyo maana nimesema tangu mwanzo kwamba ekseli ya mtumba haikuepushi na seti. Inaongezeka juu yake.

Basi inalipa lini? Inalipa nyumba ya ekseli yako ikiwa imepinda au imepasuka. Njia ya kuipima nyumbani ni timazi ya fundi uashi. Egesha gari kwenye sakafu iliyolala sawa, beringi zikiwa hazina mchezo, tairi zina upepo sawa, magurudumu yameelekea mbele. Ning'iniza timazi mbele ya gurudumu na upime umbali wa kamba hadi ukingo wa juu na wa chini wa rimu. Magurudumu ya mbele ya gari hili yakiwa mazima husimama wima, au juu huelekea nje kwa kiasi kidogo sana. Ukikuta yameegemea ndani kwa juu, kama miguu ya mtu aliyebeba gunia zito, nyumba imepinda. Tairi zitakuwa zimeshakuambia: zinalika ukingo wa ndani pekee hata baada ya kunyooshewa usukani. Angalia pia mahali bomba linapoungana na tufe. Ufa wa pale huanza kama uzi wa kutu. Nyumba iliyopinda hunyooshwa na baadhi ya karakana kwa jeki na moto. Mimi sipendi moto kwenye bomba linalobeba injini ya silinda sita. Hapo nunua ya mtumba, na huhitaji nzima: wauzaji wengi huivunja vipande, nawe unaweza kuchukua nyumba tupu na kuhamishia viungo vyako vilivyo vizima.

Inalipa pia pale magonjwa yanapokuwa matatu kwa pamoja: sivi zote mbili zimekufa, spindeli zimelika, na difu inalia. Jumlisha bei za hivyo kwanza. Zikizidi ekseli nzima, jibu limepatikana.

Ukienda kuitazama, nenda na futi kamba, tochi na watu wawili. Kwanza mikono ya usukani. Gari nyingi za Ghuba zina usukani kushoto, zetu kulia, kwa hiyo ekseli inayotoka huko inaweza kuwa na mkono wa kuvutia upande usiofaa, ukalazimika kuhamishia wa kwako. Pili matundu ya nati. Familia hii hadi mwaka 1999 ilitumia nati 6 kwenye duara la milimita 139.7. Mwaka huo HZJ75 ikapisha HZJ78 na HZJ79, ambazo zina nati 5 kwenye duara la milimita 150. Ukinunua ya nati 5 ukaiweka mbele, nyuma ukabaki na 6, tairi moja la akiba halikutoshi tena. Utabeba mawili, na porini hilo si jambo dogo.

Tatu, na hapa ndipo watu wanapoumia vibaya, uwiano wa difu. Mbele na nyuma lazima viwe sawa. Vikitofautiana, siku utakayoingiza fowili kwenye ardhi ngumu ekseli mbili zitavutana, na kinachoweza kuvunjika ni transfa. HZJ75 nyingi zina 4.11, yaani krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 9. Zipo difu za Toyota za 4.30, meno 43 kwa 10. Za Land Cruiser ya dizeli V8 ni 3.909, meno 43 kwa 11. Kwa macho, zikiwa zimefungwa, uwiano wake hauonekani. Namna ya kuzijua bila kufungua ni hii: wewe shika habu ya kulia, mwenzako ya kushoto, mzizungushe pamoja mara 10 kamili, na mtu wa tatu ahesabu mizunguko ya flanji ya propela. Ikitoka 41 na kidogo, ni 4.11. Ikitoka 43, ni 4.30. Ikitoka 39 na kidogo, ni ya V8. Muuzaji akikataa msiizungushe, ondokeni. Na mkikubaliana, dai risiti ya EFD yenye maelezo ya kitu chenyewe, maana viungo vya Land Cruiser vinaibwa, na risiti ndiyo ushahidi wako.

Kuna wanaotaka kwenda mbali zaidi: kuing'oa ekseli ya springi za majani ya HZJ75 na kuweka ya koili ya HZJ79, kwa sababu ya ulaini wa safari. Ulaini huo ni wa kweli. Lakini hesabu yake haiishii kwenye ekseli. Utahitaji viti vya koili na mabano ya mikono vichomelewe kwenye chesesi, shokapu nyingine, mipira mirefu ya breki, rimu tano za nati 5, na ekseli ya nyuma ili nati zilingane. Mabano hayo ndiyo yanayobeba nguvu yote unapokanyaga breki mlimani, na nimeona yaliyochomelewa vibaya yakianza kung'oka pamoja na kipande cha chesesi. Uamuzi wangu ni kwamba hiyo si kazi ya uani. Kwa pesa hiyo uza HZJ75 uongezee, ununue gari lililotoka kiwandani na koili. Kama kinachokusumbua ni ugumu, springi mpya, bushi mpya na shokapu nzuri zitakupa sehemu kubwa ya unachokitafuta.

Wenye Land Cruiser ya V8 ya familia hii ya 70 wana shauri lao. Toka mwaka 2007 ekseli yao ya mbele ni pana kuliko ya nyuma kwa karibu milimita 95, kwa hiyo kwenye mchanga magurudumu ya nyuma yanakata njia mpya badala ya kufuata ya mbele. Kuna wanaoweka vipanuzi kati ya habu na rimu. Ni rahisi, lakini vinaongeza mzigo kwenye beringi za nyuma, na mimi nisingeviweka kwenye gari linalobeba watu.

Difu ikilia peke yake, sili na vifundo vikiwa vizima, kazi ni nyingine. Uzuri wa Toyota ni kwamba kichwa cha difu kinatoka kizima kwa kufungua nati zake na kutoa shafti. Hakifungwi ndani ya nyumba kipande kwa kipande kama Salisbury ya Land Rover. Kukitoa na kukirudisha unaweza, mkiwa wawili, maana ni kizito. Kupanga krauni na pinioni usijaribu. Kunataka kipimo cha saa, shimu za unene mbalimbali na mtu mwenye sikio na mkono. Linganisha bei mbili tu: fundi wa difu anayeaminika pamoja na beringi mpya, au kichwa cha mtumba chenye uwiano uleule. Kama krauni na pinioni hazijameguka, mimi huchagua beringi mpya, kwa sababu krauni na pinioni zilizozoeana huwa kimya kuliko za kigeni.

Nyuma, swali ni moja: je, shafti inabeba mzigo au inazungusha tu? Tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona habu imechomoza na duara la bolti ndogo, uzito wa gari unabebwa na bomba kupitia beringi mbili, shafti inazungusha tu, na ikivunjika gurudumu linabaki mahali pake. Ukikuta sura bapa isiyo na bolti hizo, shafti ndiyo inayobeba. Magari mepesi ya familia ya 70, kama LJ70, yako hivyo. Mwenye gari la aina hiyo anayebeba tani ya mahindi kila wiki afikirie ekseli ya nyuma yenye habu iliyochomoza kabla hajafikiria mapambo mengine yoyote. Asiyebeba, aiache.

Wa Land Rover nao nisiwapite. Defender, Discovery ya kwanza na Range Rover ya zamani zina uwiano mmoja wa 3.54, kwa hiyo ekseli za Discovery zenye diski za breki pande zote huhamishiwa kwenye Defender kwa mabadiliko machache, na ni moja ya mabadilishano machache ninayoyaona yana thamani ya pesa. Land Rover ya Series ina 4.7. Msiichanganye.

Kuhusu spea feki, ushauri wangu ni mfupi. Beringi za Koyo, NSK na NTN zina maandishi yaliyochorwa kwenye chuma chenyewe, safi, yanayosomeka. Boksi zuri si ushahidi, kwa sababu boksi ndilo rahisi kuigiza. Nenda na beringi ya zamani mfukoni, linganisha namba iliyochorwa, zungusha zote mbili karibu na sikio. Kwenye sili, chagua ya kiwandani hata kama bei ni mara mbili. Ni mpira wa bei ndogo unaolinda kila kitu kingine nilichokitaja.

Na kabla hujafunga, ondoa kile kifuniko kidogo juu ya bomba la ekseli, yaani kipumulio. Ekseli ikikimbia inapata joto na hewa ya ndani inatanuka. Kipumulio kikiziba kwa matope, hewa hiyo inatokea kwenye sili. Halafu unaingia mtoni: chuma cha moto kinapoa ghafla, hewa inasinyaa, ekseli inavuta maji kwa sili zilezile. Oili inayotoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Nilitoa kipumulio cha kiwandani, nikaweka mpira wa mafuta wa mita mbili, nikaupandisha hadi juu karibu na betri. Kati ya shilingi zote nilizotumia kwenye ekseli hii, hizo ndizo chache kuliko zote, na nina hakika ndizo zilizonunua kilomita nyingi kuliko zote.

Kwa hiyo, mwenye Hardtop ya springi za majani: pima kwa timazi kwanza, Jumamosi asubuhi, kabla hujampigia mtu yeyote simu. Nyumba ikiwa imenyooka, nunua seti kamili ya sili za kiwandani na beringi nane za Japani, badilisha sivi pande, inua kipumulio, na muuza ekseli mwambie asante. Nyumba ikiwa imepinda, tafuta nyumba tupu ya ekseli ya nati 6, uhamishie viungo vyako vilivyo vizima, na seti ileile ununue vilevile.